Usingizi wa Mke Mwenzangu

Mpaka leo nikisikia mwanamke akiitwa mvivu damu hunichemka, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Tulihamia Bonde la Lambwe miaka ya mwanzo baada ya uhuru, watu walipokuwa wakipewa mashamba huko. Tulitoka upande wa Oyugis, ambako ndugu walikuwa wamegawana ardhi hadi ikabaki vipande vya aibu. Tulikuwa mume wetu, mama yake, mimi mke wa kwanza na mwanangu aliyekuwa bado ananyonya, na mke mwenzangu, aliyeolewa mwaka uliotangulia. Vichaka vya bonde lile vilijaa mbung'o. Wenyeji walituambia wazi kwamba wazazi wao waliikimbia ardhi hiyo kwa sababu ya nzi huyo. Mume wetu akawajibu kwamba nzi ni nzi tu. Ilikuwa rahisi kwake kusema, kwa sababu si yeye aliyekwenda vichakani kuokota kuni.

Aliyekwenda ni mke mwenzangu. Alikuwa mchapakazi, na sifichi kwamba nilimwonea wivu. Alimaliza kusaga mtama wa siku nzima kabla sijamaliza kufagia uwanja. Aliniita mikayi, jina la heshima la mke wa kwanza kwetu Wajaluo, hata siku ambazo nilimnunia bila sababu.

Siku moja alirudi na mzigo wa kuni huku akijikuna bega. Mahali pale pakavimba, pakawa kama jipu gumu, halafu pakapona penyewe. Baadaye kidogo akashikwa na homa na kichwa cha kumpasua. Zahanati wakampa vidonge vya malaria bila kumtazama mara mbili. Homa ikashuka, ikarudi, ikashuka tena. Iliposhuka tulisema amepona. Iliporudi mama mkwe alisema anajifanya, maana palizi ilikuwa imefika.

Kisha ukaja usingizi. Alisinzia kwenye jiwe la kusagia, alisinzia na tonge mkononi. Mume wetu alimchapa kwa fimbo ya ng'ombe. Nilikuwepo. Nilisimama mlangoni nikasema moyoni, acha apate, amezidi. Na usiku, sisi tulipolala, yeye alikuwa macho. Alizunguka boma bila viatu, nguo ikimdondoka, akisema maneno yasiyoeleweka.

Kwetu kuna mtu anayeitwa jajuok, mkimbiaji wa usiku. Inasemekana uchawi wake ni wa kurithi, kwamba giza likiingia hutoka nje uchi, akagonga milango ya watu na kurusha mchanga juu ya mapaa, kisha mchana kutwa analala kwa uchovu. Sasa huyu analala mchana na kuzurura usiku. Ushahidi gani mwingine ulitakiwa? Neno hilo lilisemwa kisimani asubuhi moja, na jioni lilikuwa limevuka bonde. Aliyelisema kisimani ni mimi. Nilimwona usiku karibu na zizi, na kulipokucha sikuweza kuufunga mdomo wangu.

Majirani wakaacha kupokea kitu mkononi mwake. Mama mkwe akasema lisemwalo lipo. Ni methali ya watu wavivu wa kufikiri, na siku ile niliitikia kwa kichwa. Mume wetu akatuma ujumbe kwa wazazi wake waje wamchukue binti yao.

Walipokuwa bado hawajafika, niliingia jikoni mwake mchana kuomba moto. Nilimkuta amelala kando ya mafiga, mkono wake umeteleza hadi kwenye makaa. Ngozi ilikuwa inaungua, naye amelala. Nilimvuta. Akafumbua macho polepole, akautazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hapo ndipo akili iliponirudia. Jajuok ni mjanja, huogopa hata kikohozi cha mtu. Hawezi kulala mkono ukiwa motoni. Huyu alikuwa mgonjwa, na alikuwa anakufa mbele yetu sisi wote tunaomcheka.

Sikuomba ruhusa. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikamshika yeye kiuno, tukatembea hadi barabarani, na lori la pamba likatufikisha Homa Bay. Hospitalini fundi wa maabara, mtu wa bara lingine asiyejua Kijaluo, alimdunga kidole, akalipaka tone la damu kwenye kioo. Alipokwisha kutazama aliniita nami nitazame. Niliona vitu vyembamba vikijinyonganyonga katikati ya chembe za damu, na chembe zikirukaruka kila vilipozigusa.

"Mama, hii si uchawi," alisema. "Hii ni malale."

Alinieleza taratibu. Mbung'o humnyonya mnyama mwenye vimelea hivi, kisha akimuuma mtu humwachia. Pongo, wale swala wa vichakani, na ng'ombe wanaweza kuvibeba mwilini na wakaendelea kula majani kama kawaida, kwa hiyo hata zizi letu huenda lilikuwa navyo. Kwa mwanadamu ni mambo mengine. Kwanza huzaana kwenye damu. Mwili huua vingi, homa ikashuka, lakini vichache hubadili sura mwili usivitambue, vikazaana upya, homa ikarudi. Mwishowe huingia kwenye ubongo na kuvuruga usingizi, hata mchana ukawa usiku. Nilimuuliza kama vilimchagua yeye kwa lolote. Akasema havimjui mtu, vinatafuta pa kuishi tu. Jibu hilo liliniuma kuliko matusi. Sisi tulimjua, na tulimchagua.

Kesho yake mume wetu akafika, amevimba kwa hasira. Madaktari walitaka kumtoa mgonjwa maji ya uti wa mgongo, wajue kama ugonjwa umefika kichwani. Mume wetu alikataa. Alikuwa amesikia sokoni kwamba mwanamke akitolewa maji hayo hazai tena.

"Nani atanizalia?" aliuliza.

"Juzi ulikuwa unamrudisha kwao," nilimwambia. "Leo umekumbuka tumbo lake?"

Hakuna mwanamke wa kwetu aliyesema hivyo na mumewe mbele ya watu. Nilitia kidole gumba kwenye karatasi ya idhini mimi mwenyewe, naye akatoka nje. Dawa waliyompa ilikuwa kali, ilimchoma mishipa hadi akauma shuka, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikufa akitibiwa kwa dawa hiyohiyo. Yeye akapona. Alirudi nyumbani amekonda, nywele zimepukutika, lakini usiku alilala.

Siku moja tukichambua omena, dagaa wa ziwani, aliniuliza, bila kuinua macho, nani alianza kumwita jajuok.

Nikamwambia ni mama mkwe.

Tangu siku hiyo hakumpelekea yule mama chakula tena wala kumsalimu, na yule mama alikufa bila kujua alikosa nini. Mimi alinishukuru mbele ya ndugu zake wote. Na alipojaliwa kuzaa, mtoto akawa msichana, akampa jina langu.