Kichwa Kilichosukwa Nusu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya watu wote kwa hofu. Ilikuwa nyumba ya kukodi mjini Singida, sebule imejaa nyaya, na mimi mwimbaji wa kwaya kutoka Kinampanda nimepewa nafasi katika tamthilia ya tivii, ya jirani anayemimina chai na kusema maneno mawili matatu. Mara ya kwanza nikamimina kwa mkono wa kulia. Tuliporudia, nikamimina kwa wa kushoto, na kazi yote ikasimama.

Aliyenisimamisha alikuwa Msimamizi wa Mwendelezo, mama mwembamba mwenye daftari. Alinieleza kwamba tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Mwanzo unaweza kurekodiwa siku ya mwisho, hivyo yeye huandika kila kitu: mkono gani ulishika birika, kifungo kipi kilikuwa wazi, nywele zilikaaje. Akasema mpaka tamthilia iishe, hicho kichwa ni cha kazi. Nilicheka kwa adabu.

Nilifanya kazi Singida, nikaenda Dar es Salaam, nikarudishwa Dodoma, chini ya waongozaji wanne. Mwongozaji ndiye mwenye neno la mwisho mbele ya kamera. Wa kwanza alikuwa mpole mpaka tukamzoea, wa pili alikuwa akirusha makaratasi. Vijana huniuliza hofu ya kamera inaisha mwaka wa ngapi. Kwangu haikuisha. Kila nilipomaliza tamthilia moja nilikaa nyumbani nikiitazama simu, nikijiuliza kama nitaitwa tena.

Ndiyo maana nilipopata nafasi ya mama mkuu wa familia, kule Dodoma, niliishika kwa mikono miwili. Onyesho kubwa kuliko yote lilikuwa hili: nimekaa mkekani, mkwe wangu ananisuka, nami namtobolea siri niliyoificha tangu ujana. Tulirekodi nusu, wingu likatanda, Mwongozaji akasema tutaendelea mwanga ukirudi. Msimamizi wa Mwendelezo akapiga picha kichwa changu pande zote. Nusu kimesukwa, nusu timutimu.

Kabla mwanga haujarudi ikaja simu kutoka nyumbani. Baba amefariki.

Mwongozaji alinipa pole ya kweli, machozi yakimlenga. Akanipa siku nne. Kisha akasema, “Nenda ukamzike mzee. Ila hicho kichwa, mama, nakitaka kama kilivyo.”

Nikaitikia. Mtanisamehe, niliitikia upesi mno.

Kwenye basi sikumlilia baba. Nilikuwa nawaza wembe. Kwa ukoo wetu, baada ya maziko watoto wa marehemu hunyolewa nywele zote, mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mimi ndiye kifungua mimba. Mnyoaji alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto na aliyetulea kama wake. Nilikaza kitambaa kichwani tangu Dodoma mpaka Kiomboi, na kutoka Kiomboi mpaka uani kwetu sikukilegeza hata kwa joto.

Tukazika. Siku ya kunyoa ikafika, beseni la maji likawekwa uani, wadogo zangu wakajipanga nyuma yangu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nilishika kitambaa. Nikamwomba Shangazi kwa sauti ya chini aniache, nitarudi kunyolewa kazi ikiisha. Alikivuta kitambaa, ua mzima ukaiona ile nusu iliyosukwa.

“Eliwaza,” alisema, “baba yako anakufa wewe uko saluni?”

Nikaanza kueleza mambo ya mkeka, mkwe na picha za pande zote. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujiona mpumbavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia kitambaa. “Hao wa kwenye tivii watakuona una nywele,” alisema. “Sisi hapa tulikuwa tunatafuta mtoto wa marehemu.” Akamwita anayenifuata kuzaliwa.

Nilirudi Dodoma siku ya nne. Nikakaa mkekani, kamera ikawaka, nikalia kilio ambacho hakikuandikwa popote. Mwongozaji alifurahi sana. Onyesho hilo ndilo lililonipa jina, na mpaka leo watu hunisimamisha stendi kunisifia. Hakuna sifa iliyowahi kunichoma kama hiyo.

Tamthilia ilipoisha nilijinyoa mwenyewe, nikaenda Kinampanda na upara wangu. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti. Ndipo nilipoelewa, maana watoto wa nyumba hukaa chini. Tangu hapo kila msiba wa ukoo nimekaa kwenye viti pamoja na wageni.

Nimestaafu sasa, naishi Kiomboi. Nyie mnaoanza, sitawaambia mkatae kazi, nami nisingependa mniulize kama ningerudia. Najua tu kwamba niliulizwa swali dogo na nikalijibu kabla ya kufikiri.

Shangazi amelazwa hapa hospitali, macho yamefifia, hali ni ya leo afadhali kesho mbaya. Mimi ndiye ninayempelekea uji. Juzi nilimwamkia shikamoo, akaipokea, kisha akanyoosha mkono akapapasa mvi zangu.

“Siku hizi una kazi?”

“Sina, Shangazi. Nimestaafu.”

“Basi mimi nikienda, utaanza wewe kunyolewa. Nimeshawaambia wadogo zako.”

Nilimshukuru, nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje nikalia. Miaka yote hii nimetamani kurudishwa kwenye mstari ule. Sasa nimerudishwa, nami kila asubuhi naingia wodini na chupa ya uji, nikimwomba Mungu zamu yangu isifike leo.