Nyani Dume wa Mkuyuni

Kama kuna mtu alikuwepo Magoma siku ile na sasa anasoma hapa, namwomba acheke kimyakimya, maana aibu niliyoipata haijaniisha, na mpaka leo nikipita sokoni kuna kina mama wananisalimia huku wanajikohoza. Nimeamua niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wenye chumvi nyingi.

Mimi ni mzaliwa wa Mkata, naishi Korogwe mjini, na kazi yangu ni uratibu wa mradi wa picha za wanyama. Tumefunga kamera ndogo kwenye miti, pale mashamba ya mahindi yanapokutana na msitu, na mnyama akipita kamera inampiga picha yenyewe. Picha zinakuja nyingi mno, nusu yake ni majani yaliyotikiswa na upepo, na lazima mtu akae aandike kwenye kila moja kuna nini: ngiri, nguruwe pori, nyani, au hakuna kitu. Wanaoandika ni wakulima wa hapohapo Magoma.

Na jamani, watu hawa wanajua! Mwenyekiti wao ni Bi Mwanaidi, bibi mwenye wajukuu wengi, ambaye amelinda mahindi tangu usichana wake. Mimi nikiangalia picha naona doa jeusi kwenye majani, yeye anasogeza kishikwambi mbali kidogo na uso, anasema, "Nguruwe pori huyo, jike, na watoto wako nyuma," tunafungua picha inayofuata, watoto hao hapo. Cheti changu kiko ukutani kwenye fremu, lakini naona madoa tu.

Sasa kanuni yetu (niliiandika mimi mwenyewe, muikumbuke hiyo) ilikuwa hivi: kila picha inaangaliwa na watu watatu, kila mmoja peke yake. Wakikubaliana, picha inapita. Wote watatu wakiandika "mtu", inafutwa papo hapo bila kuulizana, kwa sababu watu wanaenda kutafuta kuni na hatutaki kumpeleleza mtu. Wakitofautiana, picha inawekwa kwenye fungu la ubishi, inaonyeshwa ukutani mbele ya mkutano, watu wabishane mpaka waelewane.

Mwezi huo tulikuwa tunamsubiri Dokta, mama mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu, aje aamue jambo moja: kazi ya wanakijiji ipokelewe kama ilivyo na majina yao yaandikwe juu yake, au picha zote zipelekwe mjini wanafunzi wazirudie upya. Bi Mwanaidi alikuwa hapati usingizi kwa hilo. "Mwanangu," aliniambia, "nyani amekula mahindi yangu maisha yangu yote. Basi na mimi nipate kuandikwa kwamba namjua."

Haya. Asubuhi moja nikatoka Korogwe na pikipiki nikiwa nimekula kiporo cha maharage (msiniulize cha siku ngapi), na nilipokaribia Magoma tumbo likaanza kunguruma kuliko injini. Nikaegesha, nikakimbilia porini, nikafika kwenye mkuyu mmoja mkubwa. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikakumbuka kwamba kamera ya upande ule iko mbali kule kijitoni, nikachutama kwa amani kabisa, na simu nikaitoa nisome habari.

Ambacho sikujua ni kwamba siku mbili kabla Bi Mwanaidi alikuwa ameihamisha ile kamera, kwa sababu kuyu zilikuwa zimeiva na nyani wanafuata kuyu. Na aliandika kwenye daftari la kikundi kama tulivyokubaliana, tarehe, mti, upande inaotazama. Daftari ambalo mratibu anatakiwa kulisoma kila wiki. Mratibu alikuwa halisomi.

Wiki iliyofuata mmoja wa waandikaji wetu alikwenda msibani Ngombezi, nikashika zamu yake. Nafungua picha, nyani, nyani, majani, nyani, halafu naona mgongo. Mgongo wenye sweta la kahawia, umeinama chini ya mkuyu, majani kwa bahati yamesitiri yaliyostahili kusitiriwa, uso hauonekani. Sweta langu! Na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Badala ya kuandika "mtu" nikaona, aa, picha ina ukungu, sweta lina rangi ileile, na wazee hawa macho yao ya zamani, nikaandika "nyani". Kisha, kwa kuwa uongo haukai peke yake, kwenye nafasi ya maelezo nikaongeza: "Dume kubwa, yuko peke yake, anachimba mizizi."

Kesho yake Bi Mwanaidi akanifuata. "Mwanangu, ile picha ya mkuyuni, hebu iangalie tena."

"Nimeiangalia, bibi. Macho ninayo."

Akarudi siku ya pili. "Iangalie, baba, kabla mgeni hajaja." Nikamwambia nina haraka, nikapanda pikipiki yangu nikaondoka.

Dokta akaja. Darasa la shule ya msingi likajaa, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto, shuka jeupe ukutani, projekta inawaka, na kila kitu kinaenda vizuri mpaka nikaanza kuota kupandishwa cheo. Halafu Dokta akasema, "Sasa tuone picha za ubishi," na mimi nikaikumbuka kanuni yangu kwa mara ya kwanza, na jasho likanitoka hadi kwenye magoti.

Mgongo wangu ukajaa ukuta mzima.

"Hii imenivutia sana," akasema Dokta, akasoma kwa sauti: "Dume kubwa, yuko peke yake, anachimba mizizi. Wawili wameandika mtu, mmoja nyani. Nani aliandika mtu, na kwa nini?"

Mzee Semkiwa, mwandikaji mwenzetu, akasimama taratibu. "Dokta, nyani ana mkia. Nyani akikaa, anakaa na makalio chini, huyu visigino vimenyanyuka. Na nyani wa kwetu wanaiba mahindi, maboga, hata kuku, lakini simu bado."

Darasa likapasuka. Dokta hakucheka. "Basi aliyeandika nyani ni nani?"

Bi Mwanaidi akainamisha macho. "Sisi waandikaji hatutajani, Dokta. Na aliyeonekana pichani hatumtaji pia, ndiyo kanuni."

"Naelewa, bibi. Lakini kama kati yenu kuna anayeandika ovyo na simjui, itabidi picha zote zirudiwe mjini."

Nikamwona Bi Mwanaidi anafunga daftari lake polepole. Mama yule alikuwa tayari kukosa alichokitamani maisha yake yote kwa ajili ya kunisitiri mimi niliyemjibu jeuri. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya ukutani.

Nikasimama. "Ni mimi, Dokta."

"Wewe mratibu ndiye uliyeandika nyani?"

"Mimi ndiye niliyeandika," nikasema, "na nyani mwenyewe ndiye mimi."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kuna mama aliteleza akatoka kwenye dawati. Mzee Semkiwa akafuta machozi, akasema, "Mficha uchi hazai!" wakaanza upya. Hata Dokta alishindwa, akageukia ubao mabega yanatikisika.

Bi Mwanaidi peke yake ndiye aliyekuja mbele, akaniwekea kishikwambi mkononi. "Haya, rekebisha tuifute." Nikaandika "mtu". Kura ya tatu ilipopatikana, mgongo wangu ukapotea ukutani, shuka likabaki jeupe.

Dokta alipokea kazi yote siku hiyohiyo. Alisema kama watu wanaweza kushikilia ukweli wa picha wakati bosi wao anaukana, yeye hana cha kuwarudisha nyuma. Majina yakaandikwa, la kwanza Mwanaidi, na alipoonyeshwa aliligusa kwa kidole akalisoma mara mbili kwa sauti.

Wakati wa kuagana nikamuuliza, "Bibi, uso haukuonekana. Ulijuaje?"

"Nyani nawatambua kwa mgongo, mwanangu, sembuse wewe," akasema. "Kila wiki unatuonyesha mgongo wako kabla kikao hakijaisha."

Kiporo cha maharage nimeapa sikigusi tena, na daftari nalisoma mstari kwa mstari. Na siku hizi, kikao kikianza, naketi mbele kabisa, na naondoka Bi Mwanaidi akishafunga.