Marehemu Yuko Kwenye Runinga

Juzi nilikuwa nakula wali maharage kwa mama ntilie mmoja sokoni Ruangwa. Kwenye runinga, mwigizaji wa Meksiko alikuwa akihojiwa, maneno yake yakitafsiriwa kwa Kiswahili. Alisimulia alivyoanza jukwaani akiwa msichana mdogo, kisha akaingia kwenye filamu.

Mama ntilie aliganda na upawa mkononi.

"Huyu si alikufa? Kwenye tamthilia alifia uzazi, nikalia mpaka nikaunguza maharage!"

"Dada, pale alikuwa anaigiza tu," nikamwambia.

"Kuigiza najua. Sasa mbona alikufa vizuri vile?"

Kwenye runinga, mwigizaji aliulizwa kazi gani ilimsumbua zaidi. Akajibu, "Kufa. Nimekufa sana, na kila mara nataka mtu aamini."

"Tumeamini, mama!" mama ntilie akamjibu kwa sauti.

Nyuma yetu mtu akakohoa. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani anakosali mama ntilie, kaja kununua chakula.

"Aliyefia uzazi?" akauliza taratibu. "Ndiye yule uliyetuambia ni dada yako, tukamwombea Jumapili iliyopita?"

Mama ntilie akafuta mikono kwenye kanga, akanyoosha kidole kwenye runinga.

"Ndiye. Umeona sala zetu zilivyo na nguvu?"

Mwenyekiti akaitazama runinga, akamtazama yeye.

"Basi Jumapili utaongoza sala ya shukrani."

Nasikia amekubali. Waigizaji wetu wanaolalamika kwamba hawathaminiwi, nawashauri waende Meksiko wakajifunze kufa.