Lori la Bati na Abiria wa Udongo

Enzi zetu lori halikununuliwa dukani. Ulilikata mwenyewe kwenye kopo la mafuta ya kula, nalo likakukata vidole, mama akakufunga kitambaa huku akikusema, kisha ukarudi kuendelea pale ulipoachia. Nyie mliokulia Mpanda miaka ya tisini, tulipokuwa bado tunahesabiwa watu wa Rukwa, mnanielewa. Hawa wa siku hizi, walioshika simu kabla ya kushika kijiko, wasome taratibu tu, nitawaeleza.

Kila kifaa kilikuwa na mahali kinapopatikana. Kichwa cha lori kilikuwa bati la kopo, bodi ilikuwa mbao laini za maboksi ya mizigo. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli. Taa zilikuwa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Tairi tulizikata kwenye kandambili, na ndiyo maana baba wengi wa Makanyagio, mtaa wetu, walikwenda bafuni pekupeku. Springi tulizifuata stesheni, ambako mizigo iliyoshushwa kwenye treni ilifunguliwa mikanda yake myembamba ya chuma, ikatupwa pembeni. Mkanda ule ukiukata vipande vitatu vya urefu tofauti na kuvifunga pamoja kwa waya, lori lako lilinesa kwenye mashimo kama la watu wazima. Halafu unachomeka mti mrefu wenye usukani wa waya, unasimama wima nyuma yake, na unaondoka ukinguruma kwa mdomo mpaka mate yanakauka.

Mimi nilikuwa msichana pekee mwenye lori mtaani kwetu. Mama hakupenda. Kila akiniona na mkasi wa bati alisema, "Mtoto wa kike na mabati wapi na wapi? Nenda kaangalie mboga." Baba, ambaye alikuwa dereva, alicheka tu. "Mwache," alisema, "ipo siku nitachoka kuendesha."

Fundi wetu mkuu aliitwa Nestori. Kwao walikuwa watu wa asili ya Burundi, wakulima wa Katumba, naye alikaa mjini kwa mjomba wake ili asome. Alikuwa mwembamba, mpole, na mkali kupita mwalimu wa zamu linapokuja suala la malori. Ndiye aliyetuwekea sheria: huruhusiwi kutengeneza lori la kubuni. Unachagua lori moja linalofanya kazi pale mjini, lori unalolijua, na unalitengeneza lilivyo, pamoja na makovu yake. Likiwa na bampa lililopinda, nawe pindisha. Likiwa na taa moja ya njano na nyingine nyeupe, tafuta visoda vya rangi hizo. "Lori lisilo na kovu ni la uongo," alikuwa akisema. "Hapa kwetu barabara gani hiyo ambayo haijalikwaruza?"

Ukaguzi ulikuwa Jumapili alasiri, kwenye uwanja mbele ya maghala karibu na stesheni, ambako malori yenyewe yaliegeshwa. Tulipanga ya bati mbele ya yale ya kweli, Nestori akapita na kijiti mkononi akilinganisha moja moja. Ukikosea kitu kimoja unaambiwa "feli" na unarudi nalo nyumbani mpaka wiki inayofuata. Nimefanya mitihani mingi maishani mwangu, na hakuna niliouogopa kama ule.

Lori nililochagua lilikuwa la baba, yaani alilokuwa analiendesha. Liliandikwa KAWIA UFIKE juu ya kioo. Mwenye lori alikuwa Mzee Hemedi, mfanyabiashara wa mpunga na mahindi, mtu mnene, mwenye kofia ya kiua safi muda wote, ambaye hakuwa mbaya ila alikuwa na neno moja. Neno hilo lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu: HAKUNA ABIRIA. Dereva mmoja kabla ya baba aliachishwa kazi kwa kumbeba mtu mmoja tu, tena mtu mwenye godoro. Kwa hiyo na mimi mlangoni niliandika HAKUNA ABIRIA, kwa msumari na rangi ya kucha ya shangazi.

Sasa, miaka ile mtu wa kijiji cha Mamba, ng'ambo ya hifadhi ya wanyama, akitaka kufika Mpanda, afanyeje? Basi lilikuwa jambo la kusikia. Likizo moja ya mwezi wa sita baba alinichukua safari, na nikajionea. Tulipakia mpunga Mamba, tukaaga, tukaondoka bila abiria hata mmoja. Nje kidogo ya kijiji baba akasimama kuangalia tairi. Alizunguka lori polepole, akigonga kila tairi kwa rungu, akiinama, akiinuka, bila kutazama juu hata mara moja. Alipomaliza kuangalia tairi, juu ya magunia kulikuwa na watu tisa.

Sijasahau safari ile. Tuliingia hifadhini na mbung'o wakaingia na sisi, na wale wa juu walikata matawi mapema kwa kujua, wakawa wanajipiga nayo migongoni huku wakiimba. Twiga walitutazama bila haraka. Tulipofika Sitalike, kijiji cha mtoni mwisho wa hifadhi, baba alitununulia mihogo ya kuchoma, nikaambiwa nisiwasogelee viboko hata kama wanaonekana wamelala. Kisha, kabla nyumba za Mpanda hazijaanza, baba akasimama tena kuangalia tairi, na alipomaliza, juu kulikuwa na magunia peke yake.

"Ya barabarani yanabaki barabarani, mama," aliniambia tulipokuwa tunaingia mjini. Baba aliniita mama siku zote, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Nililamba kidole, nikakielekeza juu, nikaapa kwamba sitasema.

Na sikusema. Tatizo lilikuwa Nestori. Jumapili iliyofuata alilizunguka lori langu mara tatu. Bampa limepinda, sawa. Madigadi ya kulia haipo, sawa. Turubai lenye kiraka, sawa. Maandishi, sawa. Akasimama, akaelekeza kijiti juu ya magunia yangu niliyoyashona kwa soksi.

"Na watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Mimi nilikwenda kuni, nikawaona wanashuka kule nje ya mji. Hii lori ina watu. Feli."

Usiku ule sikulala vizuri, nikiwaza. Niliapa kwamba sitasema. Lakini kuapa kulikuwa kwa mdomo, na udongo si mdomo. Kwa akili yangu ya miaka kumi na moja jambo hilo lilikuwa limekwisha kabisa. Sikusema. Nilifinyanga.

Niliwafinyanga wote tisa kwa udongo wa kijitoni, kila mmoja kama nilivyomwona. Mwalimu na mkoba wake. Mama mwenye mtoto mgongoni. Mzee aliyepakata gurudumu la baiskeli njia nzima, nikamsokotea la waya. Kila mmoja alikuwa na tawi la kupigia mbung'o. Wa mwisho, niliyempenda kuliko wote, alikuwa bibi mmoja mfupi mwenye kilemba cha njano, aliyeshika jogoo mwekundu kwapani tangu Mamba mpaka Mpanda bila jogoo kulia hata mara moja. Nilimkatia kilemba kwenye kipande cha kitenge, na jogoo nikampaka rangi ile ile ya kucha. Nikawachoma jikoni kwa mama, wawili wakapasuka, nikawarudia.

Jumapili ikafika. Nestori alipita na kijiti, akachuchumaa, akawahesabu abiria wangu, akatabasamu. Sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu kwa lori la mtu mwingine. "Hili ndilo," alisema. "Njooni nyie wote muone lori."

Waliokuja kuona hawakuwa watoto peke yao. Mlango wa ghala ulifunguka na Mzee Hemedi akatoka, kofia yake nyeupe, fimbo mkononi. Alifurahi kwanza. Alicheka alipoona bampa. "Hata mti wa Sitalike uliotugonga mmeukumbuka!" Akainama zaidi. Nilimwona anahesabu kwa midomo, na kila alipohesabu kicheko chake kilipungua.

"Binti, hapa mlangoni umeandika nini?"

"Hakuna abiria."

"Na hapa juu?"

Nikatazama juu ya magunia. Kisha, kwa kuwa mtu mzima haachwi bila jibu, nikasema, "Abiria."

Hatua chache kutoka pale, baba alikuwa chini ya lori la kweli akikaza boliti. Alitambaa akatoka, mikono imejaa grisi, akatazama lori langu, halafu akanitazama mimi. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alijifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima, kama mtu anayesubiri kuambiwa akabidhi funguo. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimemfukuzisha baba kazi kwa udongo, mbele ya watu, na nilianza kulia kwa sauti.

Nestori alijaribu kuniokoa, masikini. "Mzee, ni sheria yetu," alisema. "Lazima lifanane na lenyewe." Hakujua kwamba alikuwa anakandamiza msumari.

Mzee Hemedi aliegemea fimbo yake. Alinyoosha mkono, akamwokota yule bibi mwenye kilemba cha njano, akamweka kiganjani.

"Na huyu ni nani?"

"Ni bibi wa Mamba," nikasema katikati ya kwikwi. "Anakuja kumwona binti yake. Kule Sitalike baba alimwambia akae mbele na sisi, akakataa. Alisema yeye hakalii kiti cha mkwe wake."

Baba aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Alikuwa anajua, kumbe. Alijua siku zote yule bibi ni mkwe wa nani.

Ninyi wasomaji wa rika langu hamhitaji kuelezwa, lakini vijana wa leo wanaomwita mama mkwe "bi mkubwa" na kumtumia picha za kuchekesha hawataamini. Mkwe haulizwi amekujaje. Mkwe unamsalimia kwa mbali, umetazama pembeni, unamshukuru Mungu kwamba amefika, basi. Mke wa Mzee Hemedi alikuwa mtu wa Mamba. Mama yake alikuja kila baada ya mavuno, na Mzee Hemedi hakuwahi kuuliza, wala bibi hakuwahi kusema, kwamba alifika juu ya magunia ya mkwewe, kwenye jua, akipigana na mbung'o, ndani ya gari lililoandikwa asipande.

Mzee Hemedi akamgeuza yule bibi, akamwona jogoo mwekundu kwapani.

"Jogoo huyu," alisema polepole, "nilimla."

Hakuna aliyecheka. Akachuchumaa kwa shida, magoti yakalia, akafungua mlango wa lori langu la bati, kwa kuwa milango yangu ilifunguka, na akamwingiza yule bibi ndani. Kilemba kikakwama. Akakibonyeza kwa kidole chake kinene, taratibu, mpaka bibi akakaa. Kisha akaufunga mlango.

"Binti," aliniambia, ingawa baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, "mwambie baba yako, bibi akae mbele. Na bibi aambiwe kwamba kile kiti si cha mkwe. Ni cha dereva. Cha dereva anaweza kukalia."

"Na hawa wengine?" nikauliza. Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri ule, au ulikuwa ujinga.

"Wengine gani?" Mzee Hemedi aliinuka, akavaa kofia vizuri. "Mimi naona magunia."

Baba aliendelea na kazi yake miaka mingi baada ya siku ile. Yale maandishi mekundu mlangoni hayakufutwa, ila hayakupakwa tena. Kila msimu vumbi la Sitalike liliondoka na herufi moja au mbili, na mimi, kwa kuwa sheria ni sheria, nilikwangua zangu kwa msumari kufuatisha.

Na kipigo? Hakikuwepo. Jioni ile baba alikula ugali wake, akanawa, akaomba aletewe lori. Alilizungusha mapajani kwa muda mrefu, akachungulia kila dirisha.

"Umefinyanga watu tisa, mama," alisema mwishoni. "Mimi umenisahau."

Kweli, usukani ulikuwa hauna mtu. Na Nestori na kijiti chake chote hakuliona hilo. Kesho yake asubuhi nilikwenda kijitoni kabla ya shule.

Leo kuna lami. Mtu wa Mamba anakunywa chai kwake na anakula mchana Mpanda, na hakuna anayesimama kuangalia tairi ambazo hazina tatizo. Sisemi ya zamani yalikuwa mema yote, mbung'o hawakuwa wema hata kidogo. Nafurahi wanangu hawawajui. Lakini Desemba iliyopita nilipompeleka kitinda mimba wangu kwa babu yake, alikwenda na lori la plastiki nililomnunulia, jekundu, linang'aa, halina kovu hata moja. Baba sasa haoni vizuri. Alilipapasa lote, akachungulia dirishani kwa jicho lake zuri.

"Linabeba nini?"

"Halibebi kitu, babu. Linaenda tu. Lina rimoti."

"Dereva yuko wapi?"

"Halina dereva, babu."

Baba akaomba ashikwe mkono apelekwe kijitoni. Niliwaona wakienda, mzee na mjukuu, mmoja akimwelekeza mwingine njia na mwingine akimwelekeza mambo. Mimi nilibaki naangalia mboga, kama mama alivyotaka tangu zamani.

Asubuhi ya kuondoka nililikuta lori la plastiki mlangoni. Bampa lilikuwa limekwaruzwa vizuri kwa jiwe. Niliinama, nikachungulia. Dereva alikuwa kwenye usukani, vidole vya baba bado vimeacha alama kwenye udongo wa mgongo wake, na pembeni yake, mwenye kitambaa cha njano kichwani, bibi amekaa mbele.