Kiungulia cha Mwanajuma

Mwanajuma binti Saburi wa kijiji cha Masaki alikuwa amezika watoto wawili, na wote wawili walizaliwa kimya. Wa kwanza alikwenda mwaka wa njaa, wa pili mwaka uliofuata, vita vya Wazungu vilipokwisha. Baada ya yule wa pili hakulia. Wanawake walikaa naye siku tatu wakimsubiri alie, wakachoka, wakarudi mashambani kwao. Siku ya nne naye alichukua jembe akaenda kupalilia muhogo. Watu wakasema ana moyo mgumu. Haikuwa hivyo. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu.

Mimba ya tatu aliipokea na ganzi ileile. Mumewe, Mfaume, alikuwa akikata mkonge upande wa Soga na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alipoambiwa habari ile alisema, "Inshallah." Mwanajuma akajibu, "Inshallah." Wakaendelea kula.

Mwezi wa tano wa mimba kiungulia kikaanza. Kilianzia chini ya kifua, kikapanda kama moto wa makumbi ya nazi, kikamwachia maji machungu kooni. Akiinama kuchuma kisamvu kinapanda. Akijilaza baada ya kula kinapanda. Mama mkwe wake, Bi Mwanahalima, alimwonea huruma, akamshika mkono wakaenda zahanati. Ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Barabara nzuri ilikuwepo, lakini ilichongwa kwa ajili ya malori ya mkonge. Mama mwenye mimba alipita pembeni, kwenye nyasi, akisubiri vumbi litulie.

Dresa wa pale, mfunga vidonda na mtoa dawa, aliitwa Adamu, Mnyamwezi mwenye kaptura iliyopigwa pasi. Bi Mwanahalima alipomwona tu akaanza utani wa Wazaramo na Wanyamwezi.

"Kumbe ni wewe, mtumwa wangu! Nani kakupa koti jeupe?"

"Nimenunua kwa nauli niliyoweka ya kuja kukuzika, bibi," Adamu akajibu bila kuinua macho. "Mgonjwa nani, wewe au huyu?"

"Huyu. Kiungulia. Mimi nasema ni nywele, mtoto ana nywele nyingi."

"Nywele! Wazaramo bwana." Akamgeukia Mwanajuma, sauti ikashuka. "Dada, mimba inakua, inalisukuma tumbo la chakula juu, ndiyo maana uchungu unapanda. Kula kidogo kidogo. Ukimaliza kula usilale, wala usiiname shambani. Acha pilipili, acha embe bichi na ndimu. Kanga usiikaze tumboni. Na kitanda chako, weka mawe mawili chini ya miguu ya upande wa kichwani, ulale kifua kikiwa juu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Atafanya," alisema Bi Mwanahalima. "Nitamsimamia mwenyewe."

Njiani wakirudi, Mwanajuma alitangulia mbele mpaka walipofika kwenye mikorosho ya kwanza ya Masaki. Ndipo akauliza, "Mama, zile mimba mbili, uliniona nikicheua hivi?"

"Hata siku moja. Ulikuwa unakula ugali wa bada kama mchwa."

Neno lile alilibeba mpaka nyumbani, na usiku ulipopita, asubuhi lilikuwa bado lipo. Mimba mbili hazikuwa na kiungulia, na watoto wawili wakazaliwa wamekufa. Hii ina kiungulia. Mateke hakuyaamini, maana yule wa pili alipiga mateke mpaka siku ya mwisho. Moto huu, basi, ndio alama pekee ambayo wale wawili hawakuwa nayo. Moto ukiwaka, mtoto yu hai.

Tangu siku hiyo Mwanajuma akawa anautunza moto wake kama mpishi. Yote aliyokatazwa na dresa aliyafanya, moja baada ya jingine. Alikula embe bichi kwa chumvi na pilipili, akiwa amejificha nyuma ya choo. Alishiba bada mpaka pumzi ikamwia nzito, kisha akainama kupalilia. Kanga aliikaza. Bi Mwanahalima aliweka mawe chini ya kitanda upande wa kichwani. Mama mkwe alipotoka kwenda kisimani, Mwanajuma aliyahamishia upande wa miguuni, akajilaza mchana kichwa kikiwa chini, akangoja. Uchungu ulipofika kooni alifumba macho. Hakufurahi. Alisema tu moyoni, "Leo yupo," kisha akainuka, akayarudisha mawe mahali pake, akaenda kutwanga.

Akakonda. Sauti ikakwaruza. Bi Mwanahalima akamtukana dresa kwa mbali: "Mnyamwezi yule kaniharibia mkwe na mawe yake!"

Mwezi wa tisa, Jumanne moja, Mwanajuma aliamka kifua kikiwa baridi. Akala pilipili tatu. Hakuna kitu. Akanywa maji ya ndimu, akainama kwenye tuta la muhogo mpaka damu ikamjaa usoni. Hakuna. Mdomo ulichomwa na pilipili, lakini kifuani palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Siku ya pili hivyohivyo.

Alifungua sanduku, akatoa kitambaa cheupe cha bafta, kipande kipya, akaanza kukikata kwa wembe.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Bi Mwanahalima mlangoni.

"Ya mtoto."

"Mtoto hufungwa kanga iliyochakaa, laini. Bafta mpya ni ya kuzi..." Mama mkwe akakatisha maneno. Akaketi chini palepale. "Mwanajuma. Umeona damu?"

"Sijaona. Kiungulia kimekwisha."

Kwa mara ya kwanza akaeleza yote: embe, pilipili, mawe. Alieleza kama mtu anayetaja vitu vilivyobaki jikoni. Bi Mwanahalima hakumgombeza. Alitoka mbio, mtu mzima yule, akarudi na mkunga, Bi Biubwa, ambaye mikono yake ilikuwa imewapokea nusu ya watu wa Masaki.

Bi Biubwa alimpapasa tumbo taratibu, juu, kisha chini. Akacheka.

"Ameshuka! Kichwa kiko huku chini mlangoni. Amekuachia nafasi kifuani, sasa kiungulia kitatoka wapi? Lo, umejitesa bure, mwanangu. Anaishi huyu, na moto wako haukuwa na kazi naye."

"Ahsante, bibi," alisema Mwanajuma. Akaikunja bafta vizuri, akaiweka karibu na mto. Alikuwa amesikia, lakini kama mtu anavyosikia kwamba Kilwa mvua imenyesha.

Uchungu wa kuzaa ulianza Alhamisi alfajiri. Hakupiga kelele. Alifanya kila alichoambiwa, na jua lilipopanda juu ya mikorosho aliona Bi Biubwa ameinua kitu mikononi, akafumba macho asikione. Kisha akasikia mtoto akilia.

"Mtoto wa nani huyo?" aliuliza.

"Wa nani tena! Wako, ewe!" Bi Mwanahalima alipiga vigelegele, sauti ikamkatikia katikati, akaanza tena.

Walimlaza mtoto kifuani pake. Alikuwa wa kike. Mwanajuma alihisi uzito wake na joto lake, zaidi ya hapo hakuhisi kitu. Alimtazama akigeuza kichwa huku na huku, mdomo wazi.

"Anataka nini?"

"Anataka haki yake," alisema Bi Biubwa. "Mpe."

Akalishika ziwa kwa mkono kama anafanya kazi ya mtu mwingine. Mtoto akalidaka, akavuta kwa nguvu, na Mwanajuma akashtuka.

"Anauma," alisema.

"Ndiyo. Wazima huuma."

"Anauma," akarudia, na hakumwondoa.