Isale ya Mwalimu wa Kiingereza

Enzi zetu, sisi tuliosoma Marangu siasa ya Ujamaa ikiwa imepamba moto, tulikwenda shule pekupeku katikati ya migomba, umande hadi magotini, kuni za shule kichwani na ndizi ya kuchoma mkononi. Watoto wa leo hushushwa na gari getini, na bado wanalalamika kuchoka!

Baridi hatukuiogopa. Tulimwogopa Mwalimu Nandonde, mgeni kutoka Masasi, aliyetufundisha Kiingereza darasa la sita. Siku moja aliandika ubaoni neno beat. Akasema Waingereza walilirithi kwa mababu zao wa kale, wakaanza nalo kwenye kuchapa, kisha likazaa maana nyingine.

"Kesho kila mtu maana tano. Inayopungua, fimbo."

Kamusi ilikuwa moja, imefungiwa ofisini. Nilipata tatu tu: kuchapa, kumshinda mwenzako, na kupiga mayai. Jioni ile sikuugusa mtori wangu wa ndizi. Mama aliponiuliza nikamweleza, alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale, akalipiga fundo.

"Mpe kwa mikono miwili, Aika. Mwenye isale hakataliwi."

Kwetu Uchaggani hata aliyekuulia ng'ombe, akija na isale, unamsamehe. Hakuna aliyekumbuka kwamba Masasi ni mbali.

Asubuhi nilisimama mbele ya darasa. Nikatoa jani.

"Nimekuagiza maana, unaniletea majani ya mbuzi?" Akalitupa dirishani. Nikachapwa viganjani mbili za maana, tatu za dharau.

Darasa zima liliinamisha vichwa. Sasa tulimwogopea yeye, maana tulilelewa tukijua kwamba anayekataa isale anajiitia balaa. Siku nzima hakuna aliyethubutu kumtazama usoni, naye akaanza kuuliza kuna nini. Mwalimu mkuu, mwenyeji wa palepale, ndiye aliyemweleza.

Jua halijazama, Mwalimu Nandonde akaingia uani kwetu, kofia kwapani, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Mkononi alishika isale, ameigeuza kichwa chini miguu juu kwa ugeni wake.

"Shikamoo mama. Sikujua. Naomba radhi kwako na kwa mtoto."

"Marahaba, mwalimu. Mpe mwenyewe."

Kusema kweli sikutaka kumsamehe. Nilimchukia. Lakini niliogopa kukataa kuliko nilivyoogopa fimbo, nikalipokea jani kwa viganja vilivyovimba.

Siku hizi wajukuu zangu wanabonyeza simu, maana zote zinamwagika hata hawazisomi. Fimbo hawaijui sana, nami nashukuru. Ila mwaka jana mwalimu alimtukana mmoja wao mbele ya darasa hadi akagoma kwenda shule wiki nzima. Kila jioni nilikaa uani nikitazama njia. Hakuja mtu.