Ushanga wa chui umegeuka ng'ombe

Jamani, leo nimeulizwa nimemwona wapi ng'ombe wa wizi!

Mnajua natengeneza shanga hapa Maganzo. Nayeyusha kioo kwenye moto wa gesi, naweka madoa ya chui.

Akaja mzee mmoja mfugaji. Akashika ushanga mmoja, akausogeza karibu na macho.

"Huyu ni ng'ombe wangu Mabala! Aliibiwa masika. Umemwona wapi?"

"Babu, hayo ni madoa ya chui."

"Chui ana doa jeupe kama hili?"

Nikaangalia. Kweli lipo. Sikumbuki kuliweka!

Akampigia mkewe simu: "Mama Kulwa, Mabala nimemwona!"

Alivyofurahi, nikashindwa kumbishia. Nikampa ule ushanga, akaondoka nao.

Mpaka sasa sielewi lile doa jeupe lilitoka wapi. Ningemwambiaje, nyie?